Simu ya nyumbani isiyo na waya hukwaruza kila jioni: kosa ni la mkonga, la kitako au la laini?

#1 Sauti ya Mbali
Wanajamvi, salamu. Nina simu ya nyumbani isiyo na waya, yenye kitako kimoja kilichochomekwa ukutani na mikonga miwili, mmoja wa sebuleni na mwingine wa chumbani. Kwa muda wa miezi mitatu hivi imenishinda. Asubuhi na mchana husikika vizuri, lakini ikifika kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku huanza kukwaruza kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni sikioni mwangu, na mara nyingine ninayezungumza naye hunipata kwa vipande vipande. Nimehamisha kitako kutoka juu ya kabati hadi karibu na dirisha, nimezima na kuwasha, sijaona nafuu. Kosa ni la mkonga, la kitako, au la laini inayoingia nyumbani? Naomba atakayejibu aseme na namna ya kuhakikisha, kwa sababu nimechoka kununua vifaa kwa kubahatisha.

#2 Kitasa
Mkuu, anza na betri kabla hujaisingizia laini. Simu inayoamka salama na kuharibika jioni ina tabia zote za betri iliyochoka: imelala kwenye kitako usiku kucha, ikaamka imejaa, kisha ikashinda kutwa nzima juu ya kiti bila kurudishwa. Mikonga mingi ya siku hizi hutumia betri mbili ndogo za kuchaji za aina ya NiMH, kila moja ya volti 1.2, na baada ya miaka michache ya kazi hazishiki chaji hata kama alama kwenye kioo inaonyesha zimejaa. Wa kwangu nilipoufungua nilikuta ncha za chuma zimeota unga mweupe kama chumvi iliyokaukia mwambani. Nilizisugua kwa kifutio cha penseli mpaka zikang'aa, nikaweka betri mpya, na mkwaruzo ukaisha siku hiyo hiyo.

#3 Fundi Mstaafu
Namheshimu Kitasa, lakini betri ikichoka simu hulia mlio wa onyo kisha hukata. Haikwaruzi kwa saa mbili halafu ikapona yenyewe. Nimepanda nguzo za simu kwa zaidi ya miaka ishirini na naifahamu sauti hiyo ya mfuko wa nailoni. Laini ya shaba ni jozi ya nyaya mbili zinazoletewa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 48 hivi kutoka kwenye kituo cha kampuni ya simu, na ukiinua mkonga volti hizo hushuka hadi 10 au chini yake, kwa kuwa mkondo umeanza kupita. Mkondo huo ndio unaobeba sauti. Palipo na muungo uliolegea au ulioota kutu ya kijani, mkondo husitasita, na kusitasita huko ndiko unakokusikia wewe kama mkwaruzo. Jua likizama hewa hupoa, unyevu hutulia ndani ya kisanduku cha maungio, na laini huanza kulalamika.

Kuhakikisha ni rahisi. Chomoa kila kitu kilichounganishwa na laini, azima simu ya kawaida yenye waya, uichomeke kwenye soketi ya kwanza kabisa, ile ambayo waya wa nje huingilia. Inua mkonga, bonyeza tarakimu moja tu ili toni ya laini inyamaze, kisha sikiliza. Ukisikia kimya, laini ni safi na tatizo liko ndani ya nyumba yako. Ukisikia mkwaruzo, hakuna betri wala kitako kitakachokuponya. Fanya jaribio hilo jioni, wakati ule ule wa ugonjwa, kwa maana simu yenye homa ya usiku haipimwi mchana.

#4 Nyuki wa Jioni
Ninyi nyote mmezunguka mbuyu. Simu zote zisizo na waya hutumia gigahezi 2.4, masafa yale yale ya waifai na ya oveni ya maikrowevu. Jioni ndipo watu hupasha chakula na ndipo kila jirani anapowasha intaneti yake. Azime maikrowevu na asogeze kitako mbali na ruta, basi.

#5 Mpima Mawimbi
Nyuki, hapo kwenye neno "zote" umeteleza. Zilikuwapo simu za gigahezi 2.4, na kabla yake zile za megahezi 46 na 49 zenye antena ndefu ya kuvuta, na nyingine za megahezi 900. Hizo za 2.4 kweli huteswa na maikrowevu. Lakini nyingi zinazouzwa leo ni za mfumo wa kidijitali wa DECT, ambao Ulaya na kwingineko kwingi hutumia megahezi 1880 hadi 1900, na Marekani 1920 hadi 1930. Huko Marekani mfumo huo umepewa jina la "DECT 6.0" na watu wengi hudhani simu hizo hutumia gigahezi 6, ilhali ni jina la biashara tu, lililochaguliwa ili tarakimu ionekane kubwa kuliko 5.8 ya simu zilizotangulia. Mleta uzi apindue kitako asome kibandiko cha chini.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Mwenzetu ametaja dalili mbili, sisi tunazijibu kama moja. Simu ya kidijitali mawimbi yakidhoofu haivumi wala haikwaruzi kama redio ya zamani. Hukatika, sauti ikapotea kwa nukta moja na kurudi. Mkwaruzo mfululizo ni tabia ya waya. Kwa hiyo huenda ana magonjwa mawili, moja la laini na jingine la hewani, na yamekutana jioni.

#6 Sauti ya Mbali
Ahsanteni kwa majibu ya haraka. Kibandiko kimeandikwa DECT, kwa hiyo namwondolea hatia maikrowevu. Nimefungua mkonga wa sebuleni, ncha zake ni safi. Simu ya waya nitaazima kwa shangazi. Nilisahau kusema kwamba laini hiyo hiyo ndiyo inayoniletea intaneti ya ADSL, na kwamba kile kijisanduku cheupe kidogo nilichopewa pamoja na modemu nimekichomeka kati ya kitako na soketi. Modemu iko kwenye soketi nyingine.

#7 Binti Hodari
Mbona ulilificha hilo? Kijisanduku hicho ni kichujio, na kazi yake ni kutenganisha sauti ya mazungumzo, ambayo katika laini ya simu huchukua takriban hezi 300 hadi 3400, na mawimbi ya intaneti yanayopita juu zaidi, kuanzia kilohezi 25 hivi. Kila kifaa cha simu kilichounganishwa na laini hiyo kinahitaji kichujio chake, si kimoja kwa nyumba nzima. Nyumbani kwetu tulihangaika wiki sita na kelele kama ya mvua juu ya bati, mpaka kaka yangu alipokumbuka kwamba nyuma ya kochi kulikuwa na mashine ya faksi isiyotumika tangu zamani, imechomekwa vumbi tupu, bila kichujio. Tulipoichomoa, kimya. Zunguka nyumba uhesabu soketi zote, pamoja na zile zilizofichwa na makabati. Na jioni ndipo watoto hutazama video, kwa hiyo kelele ya intaneti huongezeka.

#8 Mpima Mawimbi
Dada, sehemu ya kwanza nakuunga mkono kabisa, ila sentensi yako ya mwisho si sahihi. Modemu ya ADSL ikishaunganishwa hutuma mawimbi muda wote, hata kama hakuna anayetazama chochote. Kichujio kikiwa kibovu, kelele inapaswa kusikika asubuhi pia. Ndiyo maana nadharia ya kichujio haijanipa jibu la saa.

#9 Mzee wa Mkonga
Vijana, mnanifurahisha. Simu yangu ya kuzungusha kwa kidole ipo ukutani, haina betri, haina kibandiko, haina kichujio. Umeme ukikatika mtaa mzima unabaki gizani, mimi naendelea kuzungumza. Ninyi mmetupa waya wa mita mbili, sasa mnaitafuta sauti hewani kwa tochi. Kitasa, hicho kifutio cha penseli ulimnyang'anya mwanafunzi gani?

#10 Kitasa
Shikamoo Mzee. Kifutio ni changu na bado kipo. Lakini mweleze mleta uzi kwa nini simu yako haizimiki, maana wengi hudhani mkonga usio na waya ukiwa na betri yake basi unatosha.

#11 Fundi Mstaafu
Nitamjibia Mzee. Simu yake hula zile volti 48 zinazotoka kituoni, na kituo kina betri zake kubwa za akiba. Simu isiyo na waya ina betri kwenye mkonga, lakini kitako ndicho kinachozungumza na laini, nacho hutegemea umeme wa ukutani. Kikizimika, mkonga hubaki ukitafuta kitako kama mtoto aliyepotelewa na mama sokoni. Mwenye simu isiyo na waya aweke walau simu moja ya waya ndani ya nyumba kwa ajili ya dharura.

Nyongeza kwa wanaopenda kushika nyaya kwa mikono mitupu: volti 48 hutazihisi sana ukiwa mkavu, lakini simu ikiita, kituo hutuma umeme wa kupishana wa volti 75 hadi 90 hivi ili kuitikisa kengele. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeshikilia nyaya kwa meno huku akitafuta bisibisi mfukoni, na mteja akapigiwa simu wakati huo huo. Hakurudia.

#12 Mgeni Jamvini
Samahani kwa kuingilia uzi wa watu, ila mmegusa betri. Nina maswali mawili. Kwanza, betri za kuchaji zikifa naweza kuweka zile za kawaida za rimoti, maana ukubwa ni ule ule? Pili, nimenunua mkonga wa ziada wa kampuni tofauti na ya kitako changu, nao unaandika "tafuta kitako" bila kukoma.

#13 Nyuki wa Jioni
Weka tu, mimi niliweka na ilifanya kazi.

#14 Mpima Mawimbi
Nyuki, tafadhali. Mkonga ukirudishwa kwenye kitako husukumiwa umeme wa kuchaji bila kuuliza ni betri gani imo ndani. Betri ya kawaida haikuumbwa kuchajiwa: hupata joto, huvuja, na inaweza hata kupasuka. Kama yako haijavuja bado, umebahatika tu. Mgeni, tafuta NiMH za ukubwa ule ule, zote mbili mpya na za aina moja. Namba ya mAh, yaani kipimo cha chaji ambayo betri hubeba, ikiwa kubwa kidogo kuliko ya zamani, mkonga utakaa na chaji muda mrefu zaidi, ila nao utachelewa zaidi kujaa. Mara ya kwanza uache kwenye kitako kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu chake, ambao mara nyingi ni saa 16 au zaidi.

Kuhusu mkonga wa kampuni nyingine, tazama kama vyote viwili vimeandikwa GAP. Huo ni utaratibu unaoruhusu mikonga na vitako vya DECT vya watengenezaji tofauti kuelewana. Bonyeza kitufe cha kitako bila kukiachia kwa sekunde kadhaa mpaka kilie au taa imemeteke, kisha kwenye mkonga ingia menyu ya kusajili. Ukiulizwa namba ya siri, kwa vitako vingi ni 0000 kama hukuibadilisha. Usitarajie makubwa: utapiga na kupokea, lakini kitabu cha majina cha pamoja na mambo ya urembo huenda yasifanye kazi. Na kama mmoja ni wa Marekani na mwingine wa Ulaya, usihangaike, kwa sababu masafa yao hayakutani.

#15 Bi Ghorofani
Nami naomba kuuliza, kwa kuwa hapa kuna mafundi. Mume wangu hugomba kila akikuta mkonga umelala kwenye kitako mchana, eti tunaua betri. Mimi naona kuutoa na kuurudisha ndiko usumbufu. Nani ana haki?

#16 Kitasa
Mume wako anakumbuka betri za zamani za NiCd, zilizosemwa kuwa na "kumbukumbu", yaani ukizichaji kabla hazijaisha huzoea uvivu na kukupa nusu ya uwezo wake. NiMH hazina tabia hiyo kwa kiasi cha kukusumbua, na vitako vingi vimeundwa ili mkonga ukae pale, ukipewa chaji ndogo ya kudondosha.

#17 Fundi Mstaafu
Hapo nakupinga nusu. Chaji ya kudondosha ikiendelea usiku na mchana kwa miaka, betri hukaa na uvuguvugu, na uvuguvugu huo nao huila. Gusa mgongo wa mkonga uliokaa kitakoni siku nzima, utausikia una joto la mkono. Mimi huuacha nje mara moja kwa wiki mpaka uombe chaji wenyewe. Bi Ghorofani, mwambie mzee nyumbani kwamba mmetoka sare.

#18 Sauti ya Mbali
Nimerudi na matokeo. Nimechomeka simu ya waya ya shangazi kwenye soketi ya kwanza kwa jioni tatu mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kitako kikiwa kimechomolewa. Jioni ya kwanza na ya pili, baada ya kubonyeza tarakimu moja, kimya kitupu mpaka nikasikia saa ya ukutani. Jioni ya tatu ukaja mkwaruzo, hafifu kuliko ule wa kila siku, lakini ni ule ule. Mchana wa siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

#19 Fundi Mstaafu
Nilisema mimi! Maji yamo kwenye muungo. Siku ukiusikia tena, fanya jambo moja: kata, mwombe mtu akupigie, iache iite mara nne au tano, kisha pokea. Mkwaruzo ukiwa umepungua kwa dakika kadhaa na kurudi baadaye, basi ni muungo wenye kutu, kwa sababu zile volti za kuitia hupenya utando wa kutu na kuuziba ufa kwa muda. Mafundi wa laini huijua ishara hiyo kama mkunga ajuavyo uchungu.

#20 Binti Hodari
Fundi, usishangilie kabla ya kipenga. Sauti ya Mbali, jioni ile ya tatu simu ya shangazi ilikuwa na kichujio? Na modemu ilikuwa imewashwa?

#21 Sauti ya Mbali
Naona haya kujibu. Jioni mbili za kwanza nilichomoa modemu kama Fundi alivyoagiza. Jioni ya tatu watoto walilia intaneti, nikairudisha, na simu ya shangazi niliiacha bila kichujio kwa kuwa kile kimoja kilikuwa bado kwenye waya wa kitako.

#22 Mzee wa Mkonga
Umepika ugali na uji kwenye sufuria moja, halafu unatuuliza ni kipi kimeungua.

#23 Mpima Mawimbi
Mzee amesema kweli. Siku ya tatu ilibadilisha vitu viwili kwa pamoja, mvua na modemu, kwa hiyo haithibitishi lolote. Rudia siku kavu modemu ikiwa imewashwa na kichujio kikiwepo, kisha siku ya mvua modemu ikiwa imechomolewa.

Kuna ushahidi mwingine wa bure. Namba ya mpigaji huonekana kwenye kioo chako? Katika mifumo mingi, namba hiyo hutumwa kama sauti za haraka kwenye waya kati ya mlio wa kwanza na wa pili, na kitako ndicho kinachoisoma kabla ya jambo lolote kurushwa hewani. Laini ikikwaruza wakati huo, namba huharibika au haionekani. Kwa hiyo namba zikikosekana jioni tu, mshtakiwa ni laini au kilichounganishwa nayo, si mawimbi.

#24 Bi Ghorofani
Kumbe ndiyo maana nikipokea haraka, mlio wa kwanza tu, namba haijitokezi! Miaka yote nilidhani mashine inanichukia.

#25 Sauti ya Mbali
Mpima, jana saa moja usiku simu iliita na kioo hakikuonyesha namba. Nilikaribia kuruka kwa furaha. Kisha nikapokea, nikakuta ni mjomba, ambaye ameficha namba yake tangu nimjue.

#26 Nyuki wa Jioni
Jamani, tumesahau ile dalili ya pili, ya kusikika vipande vipande. Je, kuna jirani anayemsikiliza? Nilikuwa na kifaa cha kusikilizia mtoto chumbani, na usiku mmoja kikaanza kutoa mazungumzo ya jirani na mkwewe. Nilijua siri za ukoo mzima.

#27 Mpima Mawimbi
Hiyo ilitokea kwa simu za analojia, maana vifaa vya kusikilizia watoto vilitumia masafa yale yale ya megahezi 49, na sauti ilikwenda hewani ikiwa wazi kabisa. DECT huigeuza sauti kuwa biti na ina usimbaji wake wa siri. Hata hivyo si kuta za chuma: mwezi Desemba 2008, katika mkutano wa wadukuzi uliofanyika Berlin, watafiti walionyesha kwamba simu nyingi za DECT zilikuwa hazijawasha usimbaji kabisa na ziliweza kusikilizwa kwa kadi ya kompyuta. Ila asikilizaye hasababishi mkwaruzo, kwa kuwa yeye hupokea tu, harushi kitu.

Nami nijisahihishe, kabla hajanisahihisha mwingine. Kwenye bandiko namba 5 nilisema simu ya kidijitali haikwaruzi. Kwa haki zaidi, DECT hubeba sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde bila ulinzi wa kurekebisha makosa, na biti zikiharibika kabla mawasiliano hayajakatika kabisa, hutoka kama mibofyo na mipasuko midogo. Mibofyo ikifuatana, sikio lisilo na mazoea linaweza kuiita mkwaruzo. Ule utengano wangu wa magonjwa mawili si imara kama nilivyouandika.

#28 Kitasa
Yaani sasa hata ushahidi wa sikio umefutwa.

#29 Mzee wa Mkonga
Ahamie faiba yaishe. Nasikia shaba yenyewe inazimwa. Uingereza wametangaza kuizima mitambo ya zamani mwezi Januari 2027.

#30 Binti Hodari
Mzee, wewe ndiye wa kusema hivyo, na simu yako ya kuzungusha? Kwenye faiba simu huchomekwa nyuma ya ruta, na ruta ndiyo inayotoa toni na umeme wa kuitia. Umeme wa nyumbani ukikatika na hakuna betri ya akiba, hata simu yako ya ukutani itanyamaza. Tena ruta nyingi hazielewi mipigo ya kuzungusha, zinataka sauti za vitufe tu. Utazungusha mpaka kidole kichoke. Ila ni kweli kwamba mkwaruzo wa kutu hautakuwepo.

#31 Mzee wa Mkonga
Basi asihame.

#32 Sauti ya Mbali
Mrejesho mwingine. Nimenunua vichujio viwili, kila simu sasa ina chake. Kampuni ya simu ilimtuma fundi. Alifika saa nne asubuhi, jua kali, akapima, akaandika kwamba laini haina kasoro, akaondoka. Jioni hiyo sebuleni simu ilikuwa safi kwa dakika kumi nzima. Nikafurahi, nikahamia chumbani na mkonga wa pili, nikapiga tena: mkwaruzo ule ule.

#33 Mpima Mawimbi
Mkonga wa chumbani unakaa wapi hasa, na kando yake kuna nini?

#34 Sauti ya Mbali
Unakaa juu ya meza ya kitanda, kwenye chaja yake ndogo. Kando yake kuna taa ya LED ya kusomea. Nikihesabu, niliinunua karibu na wakati ule tatizo lilipoanza. Huiwasha saa kumi na mbili jioni.

#35 Nyuki wa Jioni
Jibu limepatikana! Taa!

#36 Mpima Mawimbi
Polepole. Adapta za taa hizo huweza kumwaga uchafu mwingi kwenye nyaya za umeme, lakini sehemu kubwa ya uchafu huo iko chini sana ya megahezi 1880, na mkonga ulioko sikioni haujachomekwa kwenye umeme. Ukiniambia uchafu hupitia umeme wa nyumba hadi kwenye adapta ya kitako, na kutoka hapo ukaingia kwenye laini, nitakuelewa. Lakini basi hata sebuleni ungesikika.

#37 Fundi Mstaafu
Na simu ya shangazi? Ile ilikwaruza kwenye soketi ya kwanza, haina redio, haina adapta, haijui taa ni nini. Fundi anayepima laini saa nne asubuhi baada ya jua kukausha kisanduku atakuta nini? Mwiteni aje jioni, tena baada ya mvua.

#38 Binti Hodari
Simu ya shangazi haikuwa na kichujio siku ile, Fundi. Tulikwisha kulizungumza, bandiko namba 20.

#39 Kitasa
Sauti ya Mbali, kwenye bandiko namba 6 ulisema umefungua mkonga wa sebuleni. Wa chumbani uliufungua?

#40 Sauti ya Mbali
Sijaufungua. Kifuniko chake ni kigumu, nikaogopa kukivunja. Leo jioni nitabadilishana: mkonga wa chumbani utakwenda sebuleni, wa sebuleni utakwenda chumbani, na taa nitaizima. Mawingu yameanza kutanda.

#41 Mpima Mawimbi
Usiizime taa leo. Badilisha kitu kimoja tu.